Mbili kwa Tatu: Hesabu ya Mafuta Yetu ya Mchanganyiko

(Maneno ya Katibu wa Chama mbele ya wanachama wa ushirika na wanakisomo. Yamenakiliwa hapa ubaoni ili asiyekuwepo ayasome, na asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.)



Mkutano mkuu wa ushirika wetu umekaribia. Katika mambo yatakayoletwa siku hiyo, kubwa ni hili la mafuta ya mchanganyiko. Wenye alizeti wana neno lao. Wenye mawese wana neno lao. Wengine wanasema tuchanganye nusu kwa nusu yaishe. Wengine wanasema kila mtu akauze kivyake. Sisi katika Chama, pamoja na wenzetu wa darasa la kisomo cha watu wazima, tukaona si vizuri watu waje mkutanoni kunyosha mikono kabla ya kupiga hesabu. Mkono ukinyoshwa bila hesabu, anayefaidi ni yule mmoja aliyepiga hesabu nyumbani kwake kimya kimya.

Basi tulikaa jioni tatu darasani. Tulichukua mise kuwa badala ya lita za mawese, na mbegu za alizeti kuwa badala ya lita za alizeti, tukazipanga mezani, tukahesabu. Haya ndiyo tuliyoyaona. Bei tutakazozitaja ni za mfano wa kujifunzia. Bei ya siku ya mkutano italetwa na Mtunza Hazina.

KWA NINI TUCHANGANYE?

Ndugu wanachama, mkoa wetu huu wa Kigoma ni mkoa wa michikichi. Tangu mwaka 2018 serikali ilipoanza kulisukuma zao hili kwa nguvu, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikashughulikia mbegu bora ya tenera, michikichi inazidi kupandwa. Alizeti nayo tunailima huku juu. Hata hivyo nchi yetu bado inaagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula kutoka nje, na mengi ya hayo ni mawese ya Malaysia na Indonesia. Jamani, tunanunua kwa wenzetu wa mbali kitu kinachoota nyuma ya nyumba zetu!

Sasa, mafuta haya mawili kila moja lina sifa yake. Alizeti ni mepesi, hayagandi, na harufu yake haishindi mboga. Lakini bei yake iko juu, na ukiyakaangia mara nyingi katika karai moja yanachoka upesi. Mawese yanastahimili moto zaidi, bei yake ni nafuu, na yale mekundu yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, chakula cha macho ya watoto wetu. Lakini asubuhi ya baridi yanaganda, na karibu nusu yake ni yale mafuta mazito ambayo waganga wanatushauri tusiyazidishe. Katika alizeti, mafuta mazito ya namna hiyo ni sehemu moja tu hivi katika kumi.

Ukiyachanganya unapata yaliyo katikati. Bei katikati, uzito katikati, kuganda katikati. Neno la kukumbuka ni hilo: katikati. Mchanganyiko hauwezi kutoka nje ya vile viwili vilivyochanganywa. Kama alizeti ni shilingi 6,000 kwa lita na mawese ni shilingi 4,000, gharama ya lita ya mchanganyiko itakuwa kati ya 4,000 na 6,000. Akija mtu na gari akasema anao mchanganyiko safi wa mawese na alizeti kwa shilingi 3,500, msimuulize amechanganyaje. Muulizeni ametia kitu gani cha tatu.

HESABU YENYEWE

Tuseme tunataka mchanganyiko ambao gharama yake ni shilingi 4,800 kwa lita. Tutie lita ngapi za alizeti na ngapi za mawese?

Andika bei tatu: 6,000 ya alizeti, 4,000 ya mawese, na 4,800 tunayoitaka, hiyo iwe katikati.

Kutoka 6,000 kushuka hadi 4,800 ni 1,200.
Kutoka 4,000 kupanda hadi 4,800 ni 800.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu namba zinavuka upande wa pili. Ile 800 iliyotoka upande wa mawese inakuwa sehemu ya alizeti. Ile 1,200 iliyotoka upande wa alizeti inakuwa sehemu ya mawese. Alizeti 800, mawese 1,200. Zipunguze: 8 kwa 12, halafu 2 kwa 3. Basi ni lita 2 za alizeti kwa lita 3 za mawese.

Mama mmoja darasani aliuliza, "Kwa nini zinavuka?" Swali lake lilikuwa zuri, na jibu lake ni hili. Bei tunayoitaka iko karibu zaidi na mawese. Kilicho karibu ndicho kinachotiwa kingi, na kilicho mbali ndicho kinachotiwa kidogo. Ni kama watoto wawili kwenye ubao wa kubembea: mzito akae karibu na kati, mwepesi akae mbali, ndipo ubao utulie.

Hakikisha kabla ya kuamini. Lita 2 za alizeti ni shilingi 12,000. Lita 3 za mawese ni shilingi 12,000. Jumla 24,000 kwa lita 5. Gawanya kwa 5, unapata 4,800. Imetimia.

Kwa pipa la lita 200: gawa 200 kwa sehemu 5, kila sehemu ni lita 40. Alizeti sehemu mbili, lita 80. Mawese sehemu tatu, lita 120. Kwa dumu la lita 20: alizeti 8, mawese 12.

Na kama pipa lilikwishachanganywa, tukataka kulibadilisha? Tuseme limebaki na lita 150 za mbili kwa tatu, na shule inataka nusu kwa nusu. Ndani mna alizeti 60 na mawese 90. Zinapungua 30 za alizeti. Ongeza lita 30, upate 90 kwa 90. Hakuna haja ya kumwaga wala kuanza upya. Lakini hesabu hiyo inawezekana kwa sharti moja: daftari liwe limeandikwa mwanzo mlitia nini. Wazee wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Na mafuta yaliyochanganywa ndiyo mali inayopotea habari upesi kuliko zote, kwa maana ukishakoroga, jicho haliwezi tena kutenganisha.

NANI ALIPWE NINI?

Hapa ndipo penye moto, kwa hiyo twende taratibu.

Tuseme pipa la lita 200 tumeliuza kwa shilingi 5,200 kila lita. Tumepata shilingi 1,040,000. Tukatoa 50,000 za chupa na dizeli, zikabaki 990,000. Wako wanaosema: "Tugawane kwa lita, kila aliyeleta lita alipwe sawa." Inapendeza masikioni. Inasikika kama usawa. Hebu tuipige.

Shilingi 990,000 kwa lita 200 ni 4,950 kwa lita. Wenye alizeti walileta lita 80, watapata 396,000. Wenye mawese walileta 120, watapata 594,000.

Sasa angalieni. Lita 80 za alizeti, kwa bei yake ya 6,000, ni mali ya shilingi 480,000. Huyu mwenye alizeti ameleta mali ya 480,000, ameondoka na 396,000. Amepoteza 84,000 kwa kosa la kujiunga na wenzake! Msimu ujao atarudi? Hatarudi. Ataita mnunuzi wa njiani amuuzie usiku. Na alizeti ikikosekana, mchanganyiko hakuna, na mwenye mawese naye amebaki na mawese yake yaleyale ya shilingi 4,000.

Njia ya haki ni kugawana kwa thamani ya kila mmoja alicholeta. Alizeti lita 80 mara 6,000 ni 480,000. Mawese lita 120 mara 4,000 ni 480,000. Lita hazilingani, lakini thamani zinalingana. Basi zile 990,000 zinakatwa katikati: wenye alizeti 495,000, wenye mawese 495,000. Kila upande umepata thamani ya mali yake na ziada ya 15,000 juu. Hakuna aliyemnyonya mwenzake.

Tunasema haya wazi kwa sababu unyonyaji hauji na gari la kitajiri peke yake. Unaweza kuingia kwa mlango wa hesabu mbovu, watu wakiwa wamekaa mviringo na kuitana ndugu. Na ndani ya kundi la alizeti, au kundi la mawese, hapo sasa mgawanyo kwa lita ni sawa, maana mali ni ya aina moja.

KILO SI LITA

Jambo jingine, na hili limetuuma. Msimu uliopita alikuja mnunuzi, hatumtaji, akasema bei yake ni shilingi 6,000, akaweka mzani chini ya mwembe. Dumu likawekwa mzanini, likajazwa hadi shingoni mpaka mshale ukafika 20. Akalipa dumu la 20. Wengine wakashukuru.

Maji lita moja ni kilo moja. Mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana yanaelea juu ya mchuzi. Lita moja ya mafuta ya alizeti ni gramu 920 hivi. Kwa hiyo lita 20 za mafuta ni kilo 18 na gramu 400. Anayetaka mshale ufike kilo 20, anataka lita 21 na karibu robo tatu. Amelipia 20, amebeba 21 na robo tatu.

Dumu moja si kitu, utasema. Yalikuwa madumu 30. Tulipoipiga darasani ikatoka lita 52 na kidogo, na kwa bei ile ni zaidi ya shilingi laki tatu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kilijazwa kwake.

Kwa hiyo anayetaka kununua kwa lita, apimiwe kwa chombo cha lita. Anayetaka kununua kwa kilo, alipe bei ya kilo: lita ikiwa shilingi 6,000, kilo ni shilingi 6,520 hivi. Achague moja. Na chombo chetu cha lita, pamoja na mzani wetu, vipelekwe vikakaguliwe na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, ili tukimwambia mtu "hii ni lita" asitujibu kwa mdomo mtupu.

KUPIMA VIZURI KABLA YA KUCHANGANYA

Hesabu nzuri juu ya vipimo vibaya ni kazi bure. Tumeona mambo matatu ya kuangaliwa.

La kwanza ni maji. Mawese yetu ya kukamua kwa mikono hubaki na maji. Maji hayo katika lita yanahesabiwa kama mafuta. Tuseme katika lita 120 za mawese mna lita 6 za maji. Ushirika umelipa shilingi 24,000 kununua maji ya kisima, mchanganyiko si mbili kwa tatu tena, na mafuta yenyewe yataharibika upesi, tena yatamrukia mama jikoni. Chukua kijiko kimoja, kipashe kwenye sufuria. Yakitatarika, yana maji. Dawa yake ni kuyapasha mawese yote mpaka yawe laini, yaache yatulie yakiwa bado na joto, maji yazame chini, halafu uchote ya juu. Yaliyobaki chini yapashwe tena kando. Yasipashwe ndani ya dumu la plastiki juu ya moto! Sufuria ndiyo ya moto. Dumu liwekwe ndani ya maji ya moto.

La pili ni kuganda. Asubuhi ya baridi mawese hugawanyika: mazito yanakaa chini, mepesi yanapanda juu. Hata mchanganyiko wetu ukikaa pipani siku kadhaa unaweza kufanya hivyo. Ukichota juu bila kukoroga, mnunuzi wa kwanza anapata alizeti nyingi, na wa mwisho anapata mawese mazito. Wote wamelipa bei moja! Kwa hiyo pasha, koroga, ndipo upime. Na kila siku ya kuuza, koroga kabla ya kuchota lita ya kwanza.

La tatu ni kuhesabu. Mchanganyaji akiitwa pembeni kusalimiwa, akirudi hakumbuki alikuwa kwenye ya ngapi. Tunashauri wawe watu wawili: mmoja anamimina, mwingine anaandika. Asiyejua kuandika apige mistari ya mkaa ukutani, au aweke mawe: meupe mawili, mekundu matatu, koroga, anza tena. Ikifika mizunguko 40, pipa limejaa. Mzunguko mmoja ni lita 5, mizunguko 40 ni lita 200. Hata mtoto akipita anaweza kukagua.

Na msiyaunguze mawese mpaka yawe meupe kwa kutaka yafanane na alizeti. Wekundu ule ndio karotini yenyewe. Ukiuchoma, umechoma vitamini, ukabaki na mafuta yenye harufu ya moshi.

DUMU LIMEJAA, LAKINI NDANI JE?

Mafuta yetu yakishatoka hapa yanapita mikono mingi. Tuseme dumu letu la lita 20 lina alizeti 8 na mawese 12. Mchuuzi mmoja anachota lita 5 na kujazia mawese matupu lita 5. Katika zile lita 5 alizochota, ametoa alizeti 2 na mawese 3. Zilibaki alizeti 6 na mawese 9. Akatia mawese 5. Sasa ni alizeti 6 na mawese 14. Dumu limejaa vilevile kama mwanzo.

Mwingine mbele naye anafanya hivyohivyo. Anachota 5, ambayo ni robo. Robo ya alizeti 6 ni moja na nusu. Zimebaki alizeti 4 na nusu, akajazia mawese. Dumu lililotoka kwetu na alizeti 8 limefika sokoni na alizeti 4 na nusu. Wale wawili wametia mawese lita 10 za shilingi 40,000, wamechota mchanganyiko wa lita 10 wanaouuza kwa bei yetu ya 5,200, ambayo ni 52,000. Faida yao 12,000 kwa dumu, na jina linaloharibika ni la kijiji chetu.

Je, inaweza kujulikana? Kijijini unaweza kupata dalili tu. Ukiiweka chupa ya alizeti safi yaliyochujwa vizuri kwenye jokofu la zahanati au la duka, yanabaki maji. Yenye mawese hufanya ukungu na kuganda. Hiyo inakuambia mawese yamo, haikuambii yamo kiasi gani.

Kiasi kinapimwa maabara, na ndugu zetu wa kisomo walifurahi kusikia kwamba hesabu yake ni ileile yetu ya bei. Wataalamu hupima mafuta yanakunywa iodini kiasi gani. Gramu 100 za mawese hunywa gramu 50 hadi 55 za iodini. Gramu 100 za alizeti ya kawaida hunywa gramu 118 hadi 141. Tuseme mawese yetu yalipimwa yakapata 52, na alizeti yetu 128. Mchanganyiko wa mbili kwa tatu utakuwa: 128 mara 2 ni 256, 52 mara 3 ni 156, jumla 412, gawa kwa 5, unapata 82 na nukta 4.

Sasa dumu la sokoni limepimwa likatoa 67 na nukta 2. Kutoka 52 kupanda hadi 67.2 ni 15.2. Kutoka 52 hadi 128 ni 76. Ile 15.2 ni sehemu moja ya tano ya 76. Basi alizeti ni sehemu moja katika tano, na sisi tulitia mbili. Nusu ya alizeti imeondolewa njiani.

Lakini mwaona kwamba namba za alizeti zinapishana sana, 118 hadi 141, kwa mbegu na kwa shamba. Bila kujua namba ya alizeti yetu wenyewe, mwizi atapata pa kujificha. Kwa hiyo kila pipa litolewe chupa tatu ndogo za kielelezo: moja ya alizeti kabla ya kuchanganya, moja ya mawese, moja ya mchanganyiko. Zifungwe, ziandikwe tarehe na namba ya pipa, zitiwe sahihi, zifungiwe kwenye kabati lenye giza. Siku ya ubishi, hizo ndizo mashahidi wetu.

BEI IKIBADILIKA

Mwisho, na hili ndilo litakalotupima uaminifu. Bei hazikai. Tuseme mawese yamepanda hadi 4,400, alizeti imebaki 6,000. Tukitaka gharama ibaki 4,800, hesabu inasema: 6,000 toa 4,800 ni 1,200, 4,800 toa 4,400 ni 400. Alizeti 400, mawese 1,200. Yaani moja kwa tatu. Alizeti imeshuka kutoka sehemu mbili katika tano mpaka sehemu moja katika nne.

Mwaona mtego? Mawese yamepanda bei, na ili bei yetu isipande tunalazimika kuongeza hayohayo mawese na kupunguza alizeti. Mteja ananunua chupa ileile, kwa bei ileile, imeandikwa maneno yaleyale, na ndani si yale. Wenye viwanda vikubwa wakitufanyia hivyo tunalalamika. Tukifanya wenyewe tutaiita nini?

Njia ya pili ni kushika mbili kwa tatu na kuacha gharama ipande. Lita 2 za alizeti 12,000, lita 3 za mawese 13,200, jumla 25,200, gawa kwa 5: shilingi 5,040. Gharama imepanda shilingi 240 kwa lita. Tunamwambia mteja, tunabandika bei mpya mlangoni, anayetaka anunue. Sisi tunashauri njia hii. Bei ibadilike mchana watu wakiona. Mafuta yasibadilike usiku.

Na kwenye chupa yaandikwe kama yalivyo: "Mafuta ya mchanganyiko. Alizeti sehemu 2, mawese sehemu 3." Yasiandikwe "Alizeti" peke yake eti kwa sababu yanapendeza. Siku tukitaka kuyauza mbali na hapa, Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linaloshughulikia pia usalama wa chakula, litataka kujua ndani mna nini. Wajasiriamali wadogo husaidiwa njia hiyo na SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hiki chetu. Tukiwaendea na daftari safi, tumekwisha fika nusu ya safari.

TUNAYOYALETA MKUTANONI

Ndugu wanachama, Chama hakiamui mambo ya ushirika. Wenye ushirika ndio waamuzi. Tunaleta mapendekezo manne, yajadiliwe, yapingwe kama yana kasoro, kisha yapigiwe kura:

1. Mchanganyiko wetu uwe alizeti 2 kwa mawese 3, uandikwe kwenye kila chupa, na usibadilishwe ila kwa mkutano mkuu.

2. Malipo yawe kwa thamani ya mafuta yaliyoletwa, kwa bei ya siku ya kupokelewa, iliyoandikwa daftarini mbele ya aliyeleta.

3. Vipimo viwe vyenye muhuri; mawese yapashwe na kutolewa maji kabla ya kupokelewa; mchanganyaji asiwe mmoja.

4. Kila pipa liwe na ukurasa wake daftarini, chupa zake tatu za kielelezo, na sahihi tatu: ya mwenye alizeti, ya mwenye mawese, na ya Mtunza Hazina. Daftari liwe wazi kwa mwanachama yeyote siku yoyote ya kazi.

Darasa la kisomo litakuwa wazi Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni, kwa yeyote anayetaka kupiga hesabu hizi kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kura. Njoo na mise kumi na mbegu kumi za alizeti. Kalamu zipo. Wazee wasione haya, kwenye benchi letu yupo babu anayeipiga hesabu ya mbili kwa tatu kuliko sisi viongozi.

Na ukiona namba yoyote humu ubaoni haikai sawa, usinung'unike njiani. Chukua mkaa, andika swali lako hapo chini, nafasi tumeiacha. Litajibiwa mbele ya watu.

Umoja ni nguvu.

Katibu wa Chama, kwa niaba ya Kamati na Darasa la Kisomo